Kitufe cha Peke Yake

Alikuwa na tabia ya kufumba jicho moja. Ukimletea kikombe cha chai, anafumba jicho la kushoto, anakitazama kikombe, ndipo anakipokea. Ukimletea habari, hivyo hivyo. Wageni walidhani anawakonyeza. Bwana mmoja aliyekuja kuagiza tangazo la nyavu alirudi kesho yake amejipaka marashi na kuchana nywele, akakaa kwenye stuli akitabasamu, mpaka alipoona kwamba mama yule anaikonyeza stuli pia, na ukuta, na pasi ya mkaa iliyokuwa sakafuni. Tangazo lilipokuwa tayari alimtuma mdogo wake kulichukua.

Igoma nzima ilimwita Mama Katuni, nami nitamwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mpiga picha wa studio ile: harusi, ubatizo, na mazishi ya familia zilizotaka kumbukumbu. Yeye alikuwa chumba cha ndani kwenye kompyuta, akichora picha zinazotembea. Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na kila mwenye sabuni akataka tangazo la katuni la kuonyeshwa kwenye vibanda vya video kabla filamu haijaanza. Mwajiri wetu, ambaye wote tulimwita Tajiri, ndiye pekee upande wetu wa mji aliyekuwa na mashine ya kazi hiyo, na Mama Katuni ndiye pekee aliyeiweza.

Nataka nikieleze chumba kile, maana bila chumba huwezi kumwelewa mtu. Dirisha lilizibwa kwa matofali ili vumbi la barabara ya Musoma lisiingie kwenye mashine. Mlango ulikuwa wa nondo, na kufuli lilifungwa kwa nje. Tajiri aliwahi kuvunjiwa duka usiku mmoja wakambebea kila kitu mpaka mizani, na tangu hapo hakumwamini hata fundi aliyemchomea nondo zenyewe. Asubuhi anamfungulia Mama Katuni, anamfungia, anaweka ufunguo mfukoni, anaondoka na pikapu yake. Akienda Misungwi kununua pamba, mama yule anabaki ndani mpaka arudi. Kulikuwa na ndoo yenye mfuniko nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa naona haya kwa niaba ya Tajiri, na nikipita pale nilikuwa napiga mluzi ili mama ajue kuna mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Bwana Kamera. Huko nje kuna jua?"

"Lipo mama, kali."

"Basi lisalimie."

Usimfanye Tajiri shetani lakini. Mtoto wa pili wa Mama Katuni alipougua shuleni, Tajiri mwenyewe ndiye aliyeendesha gari kumchukua, akakaa naye hospitali kutwa nzima na biashara zikimsubiri. Kila asubuhi alimpitishia mama yule maandazi ya moto kati ya nondo. Nikimwambia, "Tajiri, mpe mama ufunguo," alikuwa ananiangalia kwa mshangao wa kweli. "Nimpe ufunguo aende nao wapi? Simfungii yeye, naifungia mashine." Na yeye aliamini hivyo kabisa. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika, lakini huyu alikuwa anatuchosha kwa wema wake.

Kabla ya studio, Mama Katuni alikuwa mchoraji wa kanga katika kiwanda cha nguo. Aliingia msichana, akatoka na nywele nyeupe utosini, siku kiwanda kilipopunguza watu na wengine wakabaki kufagia mashine zilizosimama. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, nani angetaka mchoraji wa kanga? Tajiri alimsikia kwa mtu, akamwonyesha kompyuta ya mtumba iliyotoka Uarabuni, akamuuliza kama ataiweza. Mama akafumba jicho moja, akasema, "Hii ni meza ya taa tu."

Hapo ndipo alipokuwa tofauti na sisi wengine. Kiwandani, kanga ya rangi nne ilichorwa kwenye karatasi nne za nailoni, kila rangi na karatasi yake. Mchoraji anazipanga juu ya meza yenye taa chini yake. Zote zikiwa pamoja unaona ua zuri tu. Lakini ukitaka kujua kama rangi nyekundu imehama mahali pake, unaziondoa nyingine zote, unaiacha nyekundu peke yake, unafumba jicho, unaitazama. Ndiko alikolitoa jicho lile.

Kwenye kompyuta ilikuwa hivyo hivyo. Kila kitu kinachotembea kilikuwa na mstari wake chini ya kioo, nasi mistari hiyo tuliita traki. Mama anayefua ana traki yake, maji yana traki yake, kuku anayepita nyuma ana yake. Pembeni ya kila traki palikuwa na vitufe viwili. Cha kwanza kinaizima traki hiyo: mstari unakuwa wa kijivu, na kuku anapotea. Cha pili kinafanya kinyume: kinaiacha traki hiyo moja na kuzizima nyingine zote. Maandishi yake yalikuwa ya Kizungu, lakini Mama Katuni alivipa majina yake. Cha kwanza kiliitwa Zima. Cha pili kiliitwa Peke Yake.

Ilibidi avitumie kila dakika, kwa sababu mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Ukiwasha kila kitu kwa pamoja ilikuwa inaganda, inakaa kimya, halafu inajizima na kazi yako yote. Kwa hiyo alimtengeneza mama anayefua peke yake, kuku peke yake, maji peke yake, na hakuna siku aliyowaona wote wakitembea pamoja mpaka kazi iwe imerekodiwa kwenye mkanda. Nilimuuliza kama haimsumbui kufanya kazi namna hiyo.

"Nisumbuke nini? Wakiwa wote, kila mmoja anajificha nyuma ya mwenzake. Mtoe pembeni, mwache peke yake, hapo ndipo utaona anachechemea."

Maneno hayo aliyatumia hata kwa binadamu, na ndiyo yaliyonifanya nimwogope kidogo. Nikimletea mkanda wa harusi auwekee majina ya maharusi, alikuwa anautazama wote bila sauti. "Mzime bwana harusi," ananiambia. "Sasa mwangalie bibi harusi. Anamwangalia nani?" Nikiangalia vizuri, kweli, bibi harusi anaangalia mlango. Ndoa ile haikumaliza hata masika. Kwaya ya kigango chake cha Buswelu, ambamo aliimba, nayo aliifanyia hivyo hivyo, akasema ukimzima yule dada wa mbele mwenye sauti kubwa, utagundua wengine waliacha kuimba zamani, wanafungua midomo tu. Mwalimu wa kwaya alizisikia habari hizo, akamhamishia Mama Katuni mstari wa nyuma. Mama akafurahi, akasema kule nyuma kuna dirisha.

Lakini mtu huyuhuyu aliyemwona kila mmoja peke yake hakutaka kuonwa hata kidogo. Ukielekeza kamera kwake alikuwa anainua upande wa kanga kufunika uso. Katika kazi zake zote hakuwahi kumchora mtu anayefanana naye. Alikuwa anawasema wanaopenda sukari huku akiweka vijiko vinne, na aliwakemea wanaopiga soga kazini kwa soga ndefu kuliko zao. Alikuwa mtu wa kisiwani, mzaliwa wa Ukerewe, na hakujua kuogelea. Na huyo mama aliyetuambia kila siku kwamba kelele zinampotezea mawazo, umeme ukikatika ndipo alipoanza kuimba, ndani ya kile chumba, gizani mchana kweupe, akiwa amefungiwa. Aliimba nyimbo za Kikerewe za kupalilia. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi upande wa pili wa nondo, nikisikiliza, sina ufunguo.

Kasoro ya mashine ile ilikuwa moja kubwa. Wakati wa kurekodi kutoka kompyuta kwenda kwenye mkanda, kioo kilikuwa kinakuwa cheusi chote. Huoni kinachoingia. Na mkanda ulipokea traki zilizowashwa tu. Kama umesahau traki moja kwenye kijivu, umeikosa. Ndivyo tulivyopata aibu ya sabuni. Mama Katuni alikuwa amezima maji ili arekebishe mikono ya mama anayefua, akasahau kuyarudisha, akarekodi. Kwenye kibanda cha video cha Igoma, watu wamejaa, tangazo likaanza: mama anafua kwa bidii kwenye beseni kavu, anakamua nguo kavu, anaanika, anatabasamu. Watu walicheka mpaka mwenye kibanda akadhani kuna nyoka. Tajiri alirudi amevimba. Wiki iliyofuata sabuni ile iliisha madukani, kila mtu anaulizia sabuni isiyotaka maji. Mwenye sabuni akakataa tangazo kurekebishwa.

Tajiri alicheka baadaye, lakini Mama Katuni hakucheka. Alichukua uzi mwekundu kutoka kwenye pindo la kanga yake, akaweka utaratibu. Akizima traki yoyote, anaufunga uzi kwenye kitufe cha kurekodi cha deki, ile mashine ya mikanda. Huwezi kurekodi bila kuutoa uzi, na uzi ukiuona unakumbuka kuna kitu umekizima. Alinifundisha na mimi, kama alivyonifundisha mambo mengine ya mashine kidogo kidogo kupitia nondo, akinionyesha kwa kidole. Kabla yangu aliwahi kufundisha vijana wawili. Kila mmoja alipoiweza kazi alipanda basi kwenda Dar, ambako televisheni zilikuwa zimeanza. Mimi nilikuwa na mke na watoto Igoma, sikuwa na pa kwenda, na nadhani alinifundisha kwa sababu hiyo.

Maana yeye alitaka kuondoka. Hili alilisema wazi kwa kila mtu. Kule Ukerewe, mwendo wa kutembea kutoka Nansio, alikuwa na mama yake mzazi, bibi ambaye macho yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Bibi alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lilikuwa linazidi kuwa dogo. Bibi hakuwahi kuona kazi hata moja ya mwanawe. Kanga za kiwandani alizivaa, lakini hakuamini kwamba mtu amezichora, alidhani zinatoka kwenye mashine hivyo hivyo na maua yake.

"Nataka aone kitu kimoja tu nilichofanya mimi," Mama Katuni alimwambia Tajiri. "Halafu nikae naye."

"Utaenda mama. Tumalize hili la betri."

Likaisha la betri likaja la mafuta ya kupikia. Likaisha la mafuta, ukaja mfululizo wa mbu na chandarua, na ule ulikuwa hauishi. Tajiri hakuwa anadanganya, kila safari alikusudia kweli. Ila kila alipotaka kumfungulia aende, alikumbuka kwamba hakuna mwingine, na wateja wamekwisha kulipa. Akamwongezea mshahara. Akamnunulia feni. Mama akaitazama feni kwa jicho moja, akaniambia, "Bwana Kamera, ukiona mtu ananunuliwa feni ujue hatoki leo."

Ndipo alipoanza kazi yake mwenyewe. Aliifanya nyakati ambazo mteja alikuwa anafikiri, na Tajiri aliijua akanyamaza. Ilikuwa picha fupi. Mwanamke mwenye kikapu anatembea kandokando ya ziwa, anapita mawe yetu makubwa ya Mwanza, anapita kiwanda chenye mabomba yasiyotoa moshi, anapita mashamba ya mpunga na michungwa, mpaka anafika kwenye nyumba ambako bibi mmoja ameketi mlangoni anachambua mchele. Bibi anaweka ungo chini, anasimama, anakinga macho kwa kiganja. Basi, inaisha hapo.

Aliniambia siri ya kazi hiyo, nami nilishangaa kwamba sikuwahi kuifikiria. Yule mwanamke haendi popote. Amechorwa katikati ya kioo, anainua mguu wa kulia, anainua wa kushoto, papo hapo. Kinachotembea ni mawe, ziwa, michungwa na nyumba, kila kimoja na traki yake, vinarudi nyuma taratibu, na mtazamaji anaona mwanamke anasonga mbele. Mama Katuni alikaa na miguu ile kwa miezi. Kila nilipochungulia nilimkuta amebonyeza Peke Yake, kioo cheupe kitupu, na mwanamke yule anatembea katikati. Uso ulikuwa mdogo, umefunikwa upande na kanga. Mguu wa kushoto ulikuwa unatupwa nje kidogo. Nilikwisha kumwona Mama Katuni akipandisha kilima cha Buswelu hivyo hivyo.

Barua ikaja kutoka Ukerewe, kaka yake anasema bibi ameanza kujigonga kwenye milango. Mama Katuni hakulia. Alimshika Tajiri mkono kupitia nondo, akaung'ang'ania, akasema, "Baba, mimi nitachelewa." Tajiri aliutoa mkono wake polepole akaenda kukaa kwenye gari, na hakuliwasha.

Asubuhi ya pili, mteja wa chandarua akaahirisha. Tajiri alikuja mbio na funguo zikilia. "Mama, meli ya Nansio inaondoka leo. Nenda, wiki moja. Chukua deki, chukua ile televisheni ndogo ya betri na inveta. Kamera atakwenda na wewe, arudi na vyombo. Lakini ni sasa hivi, mimi nakwenda Misungwi." Akasimama mlangoni amelishika kufuli, anatingisha funguo bila kujua kwamba anazitingisha. Mama Katuni aliingiza mkanda, akautoa uzi mwekundu kwenye kitufe, akarekodi. Kioo kikawa cheusi. Hatukupata nafasi ya kuutazama mkanda. Tulikimbia.

Kwenye meli alikaa katikati, mbali na ukingo, mkanda ameupakata kifuani. Aliniuliza tena na tena kama chumvi ya bandarini haiharibu mikanda, nami nikamwambia mama, hili ni ziwa, halina chumvi. Alijua vizuri kuliko mimi.

Nyumba ilikuwa ileile ya kwenye picha, na bibi alikuwa amekaa mlangoni kweli, ila bila ungo, maana mchele hakuweza kuuchambua tena. Majirani walijaa uani. Tuliiweka televisheni juu ya kinu kilichogeuzwa, tukaunganisha betri, tukatundika blanketi kuzuia jua. Bibi akasogezwa mbele mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Nikabonyeza.

Kikatokea kioo cheupe. Katikati, mwanamke anatembea. Tulisubiri mawe yaje. Hayakuja. Ziwa halikuja, kiwanda hakikuja, mwanamke anainua mguu wa kulia, anainua wa kushoto, kikapu kinacheza begani. Nilielewa kabla ya yeye kusema. Uzi aliutoa kama alivyokuwa akiutoa kila siku, mkono umezoea, akili ikiwa kwenye funguo zinazolia mlangoni. Traki nyingine zote zilibaki kwenye kijivu. Tulibeba Peke Yake mpaka Ukerewe. Mtoto mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Mama, imeharibika," Mama Katuni alisema, akainuka kuizima. Sauti yake sijawahi kuisikia hivyo. "Kulikuwa na nyumba. Ulikuwemo wewe."

"Acha," bibi akasema. "Kaa chini."

Bibi alikuwa anageuza kichwa kidogo kidogo, akitafuta lile tundu lake la kuonea, na alipolipata akatulia. Nafikiri hata leo kwamba kama mawe na ziwa na michungwa vingekuwepo, asingeona kitu. Vingemchanganyikia vyote vikawa ukungu. Lakini mtu mmoja mweusi kwenye weupe mtupu, anayecheza katikati, huyo alimwona. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mguu wa kushoto.

"Huyu ni wewe. Huu mguu ulianguka nao kwenye mchungwa." Akaendelea kuangalia. Kisha akasema tena, na majirani wote wakasikia, "Anatembea, lakini haendi. Kwa nini haendi?"

Mama Katuni alichuchumaa mbele yake. Alishika magoti ya mama yake akaweka kichwa hapo. Mkanda ukaendelea mpaka mwisho wake.

Wiki ilipokwisha nilibeba deki na televisheni na inveta mpaka bandarini peke yangu. Alinisindikiza hadi njia panda. Hakusema kwamba harudi, alisema tu, "Mwambie Tajiri maandazi yake nilikuwa nayapenda." Tajiri aliposikia alikaa kwenye ngazi. Halafu akaniuliza ni mambo mangapi ya mashine ninayoyajua, na mimi mjinga nikamwambia ukweli.

Kwa hiyo najua chumba kile kwa ndani. Najua saa ambayo mabati yanaanza kulia kwa joto, na najua mluzi wa mtu anayepita nje akitaka ujue kwamba yupo. Kamera ilichukuliwa na mtu mwingine, harusi nikawa naziona kwenye mikanda. Mke wangu alisema nimekuwa nafumba jicho. Niliumaliza mfululizo wa mbu, ukaja wa kunawa mikono, na kila niliposema nataka kurudi kwenye kamera Tajiri alisema nitarudi, tumalize hili. Asubuhi moja Tajiri alinifungulia nikakuta feni mpya juu ya meza. Nilikaa nikaiangalia kwa jicho moja.

Ni mimi niliyempa Tajiri wazo. Nilimwambia Mama Katuni anaweza kurudi kama atapewa heshima. Tajiri alikuwa amezeeka kidogo na wateja walikuwa wananung'unika kwamba katuni zangu zinatembea kama zimekaa na njaa. Akafikiri siku nzima. Kesho yake alikuja na ufunguo mpya uliochongwa, unang'aa, akaniwekea kiganjani. "Mpelekee. Mwambie akae nao mwenyewe, afungue atakavyo. Dirisha nalo nitalizibua." Nilipanda meli na ufunguo ule nimeufunga kwenye leso, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu niingie mle ndani. Yeye akirudi, mimi natoka.

Nilimkuta uani anatwanga. Alikuwa amekonda, na nywele nyeupe zilikuwa zimeshuka mpaka masikioni. Hapakuwa na umeme wala karatasi, na nilipomuuliza kama anachora alicheka tu. Wanawe walikuwa wameacha shule, mmoja anavua, mwingine yuko kwenye duka la mtu Nansio. Aliyasema haya bila kuyaficha, na niliona kwamba yanamuuma. Bibi alikuwa amekaa palepale mlangoni, macho wazi, hayaoni tena kitu chochote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mtu wa kazini, mama," Mama Katuni akajibu. "Yule wa televisheni."

Nilitoa salamu za Tajiri. Nikaeleza habari ya dirisha. Nikafungua leso, nikamwonyesha ufunguo, na nikasikia sauti yangu inamsihi zaidi ya nilivyopanga. Mama Katuni aliweka mchi chini. Alifumba jicho la kushoto, akautazama ufunguo, halafu akanitazama mimi, usoni, muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama maharusi.

"Wamekununulia feni," akasema.

Niliinamisha kichwa kwamba ndiyo.

Bibi alikuwa ameinua uso, anasikiliza. "Amekuja kukuchukua?" akauliza. Hakungoja tumjibu. Akauliza swali jingine, kwa namna ambayo nilijua limekwisha kuulizwa mara nyingi mlangoni pale. "Yule mwanamke wako wa kwenye kioo. Amefika?"

Mama Katuni alichukua mkono wangu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu ya ufunguo mpaka ukafunikwa wote.

"Amefika, mama," akasema. Kisha kwangu, kwa sauti ya chini, "Huu ni wa mlango wako, Bwana Kamera. Usimrudishie Tajiri."